Nililicheka neno "meticulous", likaja kunikuta kwenye sikio la ng'ombe

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa wote shikamooni, wadogo zangu nawapokea.

Nianze kwa kukiri: kwenye huu uzi mimi ndiye mjinga. Msihangaike kutafuta mjinga mwingine, nafasi zote nimejaza mwenyewe.

Ningeweza kuchonga kidogo nionekane nina akili. Tatizo kuna watu wa Katesh wanasoma humu na kisa wanakijua, wangeniumbua comment ya kwanza tu. Kwa hiyo mnakipata kama kilivyokuwa, na aibu yake juu.

Mimi ni kijana wa Mbulu, kule juu kwenye baridi na vitunguu swaumu. Elimu yangu darasa la saba. Kiingereza changu nimekiokota kwenye simu na kwenye chupa za dawa ya kupe.

Kwetu ng'ombe ni wanne, watano, tena wanalala humo humo ndani ya nyumba na sisi. Unaamka asubuhi unakutana na pua ya ng'ombe kabla hujakutana na mama yako. Ukitaka kuwaogesha dawa, nusu saa umemaliza, na kila mmoja umempitia mpaka kwenye kwapa.

Nikashuka Hanang kutafuta maisha. Nikapata kazi kwa jamaa mwenye duka la dawa za mifugo, wote tunamwita Daktari. Kazi yenyewe: pampu mgongoni, pikipiki, boma hadi boma, naogesha ng'ombe za watu.

Huku chini, wakuu, boma moja ni ng'ombe sitini.

Na mimi nina ugonjwa mmoja. Naota. Sio nikilala, hapana. Naota nimesimama, macho wazi, mkono unafanya kazi na kichwa kimeenda zake.

Halafu ile kazi yenyewe inakuotesha. Asubuhi tambarare za Getanuwas zinakuwa na ukungu, unaona pembe tu zinaelea, ng'ombe wenyewe huwaoni. Mlima Hanang umevaa wingu kichwani kama bibi harusi aliyegoma kufunuliwa. Jua likichomoza, unafyatua pampu, yale manyunyu yanatengeneza kiupinde cha mvua kidogo hapo hapo mbele ya pua yako. Kila ukifyatua, upinde. Ukiachia, umepotea.

Sasa mtu utabakije na akili hapo?

Turudi kwenye stori.

Kati ya maboma yangu kulikuwa na la Bibi Uda. Mama mzee wa Kibarbaig, mrefu, mkavu, mikononi ana bangili za shaba kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Haongei sana. Akikuangalia unajikagua zipu.

Mjukuu wake anaitwa Gidamis, rika langu, rafiki yangu. Yeye ndiye mchungaji mkuu pale. Ananiita Mmbulu wa Swaumu. Anasema nikifika kupe wanakimbia harufu kabla sijafungua dawa.

Bibi Uda alikuwa na utaratibu wake. Jioni ng'ombe wakirudi, anasimama kwenye mlango wa boma, pale kwenye miiba. Hapiti ng'ombe bila kupita chini ya mkono wake. Anamshika sikio, anaingiza vidole ndani kabisa, anazungusha. Anapapasa chini ya taya. Anainua mkia. Anamtaja kwa rangi yake, kwa lugha yao, halafu anamwachia.

Hahesabu. Siku moja nilimwambia, "Bibi, leo wako sitini na mbili, nimewahesabu." Alinigeukia kama nimetukana mkwe.

Gidamis akacheka. "Unahesabu viazi wewe. Watoto wako utawahesabu?"

Mimi nilikuwa napenda kukaa pembeni ya lile boma jioni kwa sababu ya sauti. Vumbi limegeuka dhahabu, ng'ombe wanapita mmoja mmoja, na kila mkono ukiingia sikioni zile bangili zinalia. Kamlio kadogo. Ti-ti-ti-ti. Wimbo kabisa. Nilikuwa nafumba macho nausikiliza, naenda mbali huko.

Ile sauti muiweke akilini.

Sasa neno.

Siku moja Daktari aliniita dukani akanionyesha karatasi. Kuna mradi unatafuta vijana wawili wa kufundishwa kuchanja mifugo. Ovaroli mpya, mafunzo, na cheti chenye jina lako. Mimi karatasi ya mwisho yenye jina langu ilikuwa kadi ya kliniki.

Kwenye sifa waliandika vitu vinne. Vitatu nilivielewa. Cha nne kilisema mwombaji awe "meticulous".

Nikauliza, "Daktari, hii ni nini?"

Akavua miwani. "Hii ndiyo itakayokuangusha." Akarudi kupanga chupa zake. Hakunieleza.

Mnanijua. Nikawasha pikipiki mpaka kwenye jiwe moja njiani, ukipita Mogitu, network inakaa juu ya lile jiwe na hakuna pengine. Nikapanda, nikalala chali, nika-google.

Maana ya leo nikaiona: mtu makini, anayepitia kila kitu mpaka kile kidogo kabisa, haruki kona. Sawa.

Ila mimi ni mbea. Nikashuka chini kusoma neno lilikotoka.

Wakuu, limetoka Kilatini, na mzizi wake ni hofu. Woga mtupu! Zamani Waingereza wakisema fulani ni meticulous walimaanisha ni mwoga, mtu wa kushtukashtuka. Baadaye likafifia huko, watu wakaliacha. Likaja kurudi na maana nyingine: mtu anayehangaika na vitu vidogo kupita kiasi. Bado ni kumsema mtu vibaya. Halafu taratibu, sijui nani aliwapigia kura, likageuka sifa. Leo watu wanaliandika kwenye barua za kuomba kazi.

Yaani woga uliingia kwenye kamusi kwa mlango wa nyuma, ukaoga, ukavaa shati, ukatokea mbele ukijiita umakini.

Nilicheka pale juu ya jiwe peke yangu mpaka mbuzi wakasimama kunitazama. Nikasema kumbe wanatafuta waoga! Wangesema mapema. Mimi mtoto wa Mbulu, fisi nimemfukuza kwa kandambili, nitafitije hapo?

Nikaenda nalo mpaka kwa Bibi Uda. Jioni ile tumesimama na Gidamis, bibi yuko mlangoni anaingiza vidole masikioni, nikamwambia, "Gidamis, nimepata jina la bibi yako kwa Kiingereza. Ni meticulous."

"Maana yake?"

"Mwoga."

Gidamis akaangalia upande wa bibi kwanza, ndio akacheka. Alicheka kwa hofu ya kupigwa, ila alicheka. Kuanzia hapo tukawa tunaitana hivyo. Ukikagua tairi ya pikipiki mara mbili: we meticulous. Ukipuliza uji kabla ya kunywa: meticulous huyo.

Haikupita muda kaka yake Bibi Uda akafariki huko Hirbadaw. Mzee mkubwa. Msiba wa mzee wao hauishi siku mbili, watu wanakaa. Bibi akajiandaa, akavaa sketi yake ya ngozi, na mimi siku hiyo nilikuwa nimefika kuogesha.

Aliniita. Kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno akasema, "Mjukuu, mimi sipo. Mkono wangu haupo. Masikio. Umesikia? Masikio."

"Nimesikia, Bibi. Mimi ni meticulous."

Gidamis akageuka ukutani kuficha meno. Bibi hakuelewa, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Aliondoka anageuka nyuma. Mara tatu aligeuka.

Nikaanza kazi. Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Pembe zinaelea, pampu inafyatuka, upinde unakuja unapotea. Ishirini. Thelathini. Kichwani nimeshavaa ovaroli. Nimesimama mbele ya watu, wananiita jina langu lote, napokea cheti, mama yangu kule Mbulu amekitundika ukutani juu ya ng'ombe wetu wanne. Hamsini.

Wa mwisho alikuwa mtamba mmoja wa kijivu. Wao wana jina la rangi yake ambalo ulimi wangu haujawahi kulimaliza, maana yake ni kama ukungu wa asubuhi. Mimi namwita Ukungu. Mtundu sana. Nikamgusa sikio akatikisa kichwa, akanichomoka, akaingia kwenye ukungu mwenzake. Sikumwona tena.

Dawa imebaki kidogo chini ya pampu. Mkono umechoka. Ndoto bado tamu.

Nikasema, "Sitini na mbili. Tumemaliza."

Gidamis akauliza, "Na yule wa kijivu?"

"Nimempitia."

Neno moja tu hilo, wakuu. Nimempitia.

Gidamis akawafungulia. Mimi nikapanda pikipiki naimba.

Zikapita wiki mbili. Fomu nilishajaza, na Daktari akanipa siku ya usaili, Ijumaa. Jumanne yake jioni Gidamis akapiga simu. Hakuniita Mmbulu wa Swaumu. Aliniita jina langu la ubatizo. Moyo ukashuka mpaka kwenye kandambili.

"Bibi amerudi. Anasema uje."

Nilifika ng'ombe wameshaingia wote, isipokuwa Ukungu. Bibi Uda amesimama naye pale pale mlangoni, mkono mmoja chini ya sikio. Mtamba ameinamisha shingo, machozi yanamtiririka, anapumua kama aliyepanda mlima. Chini ya sikio tezi limevimba, kubwa kama yai la bata.

Ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Hata mimi wa darasa la saba naijua.

Nikaanza na utani, ndio silaha yangu. "Shikamoo Bibi, naona huyu anataka ruhusa ya ugonjwa..."

Hakuitikia shikamoo. Kwa wasiojua: mtu mzima wa huku asipoitikia shikamoo yako, ardhi imekukataa.

Alichukua mkono wangu, akaufungua kiganja. Akaingiza vidole kwenye sikio la Ukungu, akatoa kupe, akamweka kwenye kiganja changu. Akatoa mwingine. Akaweka. Mwingine. Mimi ndiye nilikuwa nahesabu, kwa sababu mimi ndiye wa kuhesabu. Walifika kumi na moja, wamenenepa kama mbegu za mbarika, wanatembea taratibu kwenye mistari ya mkono wangu.

"Hukumgusa," akasema.

Nilitaka kusema nilimgusa. Ni kweli nilimgusa, sikio moja, nusu sekunde. Nikaangalia kiganja.

"Sikumgusa, Bibi. Alikimbia, nikasema nimempitia."

Gidamis akashika kichwa. Ndipo aliponieleza kitu ambacho miezi yote ile sikuwahi kuuliza. Kwao binti akiolewa baba yake anampa ng'ombe, wake yeye mwenyewe, sio wa mume. Bibi Uda alikuja kwenye hili boma na ng'ombe mmoja wa kijivu. Ule uzao umeendelea miaka yote, umekuwa unapungua, umebaki huyu mmoja. Akifa Ukungu, hakuna tena kitu pale bomani kilichotoka kwenye mkono wa baba yake.

Nikampigia Daktari. Alikuja kabla giza halijaingia, akapima joto, akachoma sindano, akaniangalia juu ya miwani yake. Hakusema "nilikuambia". Ingekuwa afadhali angesema.

Alisema tu, "Dawa nimempa. Sasa anywe maji, ale hata kidogo, asilale ubavu. Kuna mtu wa kukaa naye?"

"Nipo."

Nikakaa. Jumatano, Alhamisi. Nakata majani mabichi kwenye korongo, natia mdomoni kama namlisha mgonjwa wa binadamu. Nanywesha maji kwa chupa. Nampepea nzi. Kichwa chake kiko kwenye mapaja yangu na mimi kwa mara ya kwanza sioti chochote. Kila nikianza kwenda, pumzi yake inanirudisha.

Bibi Uda alikuwa anakuja anakaa upande wa pili. Alhamisi mchana, joto limetulia, mlima umevua wingu lake, akaanza mwenyewe kusema huku Gidamis akimsaidia palipomshinda Kiswahili.

Alisema alipokuwa mke mgeni ng'ombe wake wa kijivu alizaa, wakawa sita. Kazi ya masikio ilikuwa yake. Na yeye siku hizo alikuwa anashona sketi yake ya ngozi, anatia shanga, na kichwa chote kiko kwenye shanga. Jioni anasimama mlangoni, anapitisha mkono juu juu, ng'ombe wanapita.

"Nilikuwa naota," akasema. Aliniangalia aliposema hivyo.

Msimu ule walikufa watano. Alibaki mmoja. Baba yake alikuja kutembea, akasimama bomani, akawatafuta kwa macho, akamwona mmoja. Hakumuuliza kitu. Alikunywa maji akaondoka.

"Tangu siku hiyo," akasema, "naogopa."

Akanyoosha mkono kumpapasa Ukungu sikio, na mimi nilikuwa karibu kuliko siku zote, mkono wake uko mbele ya uso wangu. Nikaona vidole. Kabla havijaingia sikioni vilikuwa vinatetemeka. Vinatetemeka wakuu, na zile bangili zinagongana. Ti-ti-ti-ti.

Wimbo wangu ule wa jioni. Nilikuwa nausikiliza nimefumba macho. Ilikuwa ni mama mzee anaogopa, mara sitini na mbili kila jioni, na kila jioni anaingiza mkono hivyo hivyo.

Nikajiona nimelala juu ya lile jiwe nacheka na mbuzi.

Ijumaa alfajiri ukungu ulishuka mzito. Nilikuwa nimesinzia nimeegemea miiba. Nikasikia paja jepesi. Nikafumbua macho, Ukungu hayupo mapajani. Nikajua amekufa wamemvuta.

Halafu ukungu ukasogea kidogo, nikaona pembe zinaelea. Chini ya pembe miguu minne, inayumba, lakini imesimama yenyewe. Alikuwa anakunywa kwenye ndoo. Sauti ile ya ng'ombe kuvuta maji, hakuna redio inayoifikia.

Nikamwita Gidamis kwa sauti ya kike. Hilo nalo ataliandika kwenye comment, bora niseme mwenyewe.

Usaili ulikuwa saa tatu siku hiyo hiyo. Ulikuwa Katesh, na Katesh ni mwendo. Daktari alipiga kuuliza kama naenda. Nilikuwa nimeshika sikio la Ukungu nakagua, nikamwambia nimalize kwanza hili la pili. Nilipomaliza la pili nikaona nimpitie na ng'ombe aliyesimama pembeni yake, kisha wa pembeni yake tena. Nikaja kushtuka saa tano. Nafasi walipewa vijana wengine, na mimi sina kinyongo. Mmoja namjua, anakagua tairi mara tatu.

Ukungu yupo mpaka leo. Amekonda kidogo mgongoni, ila anadunda. Mimi bado na pampu yangu, ila sasa pampu inatangulia, vidole vinafuata. Masikio yote. Siku nyingine nahisi mkono unatetemeka kidogo kabla ya kuingia. Sina bangili, kwa hiyo hakuna anayesikia.

Nilichojifunza, kwa akili yangu ya la saba: nilidhani mtu makini amezaliwa hivyo, amepangwa kichwani kama kabati. Kumbe wengi kuna kitu kiliwahi kuwafia mkononi. Ukimwona mtu anarudi kukagua mlango mara ya tatu, usimcheke kabla hujajua aliibiwa nini. Hata wenye lugha yao waliliona hilo, wakaliacha limelala ndani ya neno.

Nyie wenzangu, wewe umakini wako ulianzia kwenye kitu gani? Andikeni hapo chini, nitasoma zote mpaka ya mwisho, siruki. Na wanaotaka kunitukana wapange foleni, Gidamis ameshakaa wa kwanza.

Ila nimalizie na hili.

Wiki iliyopita jioni nilikuwa pale mlangoni, mimi upande huu, Bibi Uda upande ule, ng'ombe wanapita katikati yetu. Dhamira ikaniuma, nikamweleza. Nikamwambia Bibi, kuna neno nilikuwa nakusema nalo nyuma yako. Nikamweleza lote: kwamba kwa Waingereza zamani lilikuwa neno la mwoga, kwamba siku hizi ni sifa ya mtu anayefanya kazi mpaka mwisho wake.

Alisikiliza mkono ukiwa ndani ya sikio la fahali. Akamwachia, akanigeukia.

"Hao watu wa hilo neno," akasema, "wao walifiwa na ng'ombe wa rangi gani?"